Submariner ya milioni 14: kifuniko kwanza, hela baadaye

"Shikamoo fundi. Nipo Dar, Tabata. Rafiki wa kaka yangu amerudi kutoka Dubai na Rolex Submariner nyeusi, modeli 116610LN. Ana boksi la kijani na kadi ya dhamana, anasema aliinunua mwenyewe dukani, mpya, mwaka 2014. Anataka milioni 14 kwa sababu ana mgonjwa na hela anaitaka kabla ya Jumapili. Nimeiangalia: mshale wa sekunde unateleza, haurukiruki. Ina uzito. Alikwangua kioo kwa ufunguo mbele yangu, hakikuacha hata mstari. Namba iliyoandikwa kwenye saa inalingana na ya kwenye kadi. Hela nimeshaanza kuzikusanya. Kuna kingine cha kuangalia kabla sijalipa?"

Marahaba mwanangu. Vitu vitano umevitaja, na hakuna hata kimoja kinachonionyesha kwamba saa hiyo ni ya kweli. Sisemi ni feki, maana sijaishika. Ila vyote ulivyovipima, mwenye kutengeneza kopi alishavipima kabla yako. Yeye naye anatazama video zilezile unazotazama wewe.

Tuanze na huo ufunguo, maana ndio ulionichekesha. Funguo nyingi ni za shaba nyeupe au chuma laini. Hazikwaruzi hata kioo cha kawaida cha dirisha, nenda kajaribu nyumbani. Rolex hutumia kioo cha safaya, ambacho ni kigumu sana ingawa hakiifikii almasi, lakini safaya siku hizi ipo kwenye saa za laki mbili, tatu. Kwa hiyo jamaa alikuonyesha mchezo ambao ungefanikiwa kwenye saa yoyote ya Kariakoo isiyo na kioo cha plastiki.

Mshale wa sekunde vilevile. Mashine ya Submariner unayoambiwa, kaliba 3135, hupiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani hatua 8 kila sekunde, ndiyo maana jicho linaona mshale unateleza. Kopi za bei ya chini zina mashine ya mapigo 21,600, hatua 6 kwa sekunde, na ukizoea unaona tofauti. Kama simu yako inapiga video ya mwendo wa polepole, rekodi mshale, kisha hesabu hatua kati ya alama mbili za sekunde. Zikiwa 6, ondoka. Zikiwa 8, bado hujajua kitu, kwa sababu kopi za daraja la juu nazo ni 8.

Hapo ndipo watu wengi wanapojichanganya. Kipimo cha nje kinaweza kuifunga saa jela, hakiwezi kuiachia huru. Ikianguka kwenye kimoja tu, basi yamekwisha, hakuna haja ya kubembelezana. Ikifaulu kumi, umejua tu kwamba aliyeitengeneza alikuwa makini.

Uzito siuzungumzii sana. Chuma ni chuma. Saa ya kweli ikitolewa pingili mbili za mkanda inapungua uzito, na kopi ya chuma kizito inaweza kuipita.

Sasa namba. Kwenye 116610LN namba ya siriali imechongwa kwenye ukuta wa ndani, kati ya kioo na uso, upande wa saa 6, na neno ROLEX limejirudia kuzunguka ukuta wote. Tangu karibu mwaka 2010 namba hizo ni herufi na tarakimu zilizochanganywa bila mpangilio, kwa hiyo ukiona mtandao unaodai kukusomea mwaka wa saa kwa siriali ya aina hiyo, unabahatisha. Rolex haina ukurasa wa umma wa kuingiza namba ukaambiwa hii yetu, hii si yetu. Na kulingana kwa saa na kadi ni kazi rahisi kuliko zote: anayechonga saa ndiye anayechapa kadi. Wapo wanaochukua namba ya saa moja ya kweli, hasa iliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni na mwenyewe, wakaichonga kwenye saa mia. Kama ungeikuta ile namba imetajwa mahali pengine kwamba inauzwa Singapore au Miami, hilo lingekusaidia. Usipoikuta, haina maana.

Kadi ina faida nyingine ambayo wauzaji wa kopi huisahau: ina historia. Jamaa anasema alinunua 2014. Wakati huo dhamana ya Rolex ilikuwa miaka 2. Miaka 5 ilianza kwa saa zilizouzwa kuanzia Julai 2015. Fungua vijitabu vilivyomo kwenye boksi, soma dhamana inasemaje. Vikitaja miaka 5 kwenye saa ya 2014, muulize kwa upole, halafu mwangalie uso. Kadi nazo zilibadilishwa sura mwaka 2020, na ile ya sura mpya haiwezi kuwa imetoka dukani 2014. Tena kadi ya zama zile huwa na jina la duka lililouza. Kwa Dubai muuzaji rasmi wa Rolex anajulikana miaka na miaka, ni Ahmed Seddiqi & Sons. Ukikuta jina la duka jingine la Deira ambalo hata jamaa hawezi kukuelekeza lilipo, wakati ameshakwambia aliinunua mpya kwa mkono wake, hadithi yake imepata tundu.

Kuna vitu vichache vya modeli hii hasa unavyoweza kuvitazama mwenyewe ukikaa nayo robo saa. Submariner ya tarehe yenye namba 116610LN ilitoka 2010 na kuachwa Septemba 2020, ikaja 126610LN. Kwa mbali ni pacha. Kwa karibu siyo. Ile ya zamani, nafasi ya mkanda kati ya miguu ya saa ni milimita 20. Ya sasa ni milimita 21. Kalipa ya fundi, au hata rula nzuri, itakwambia. Kingine ni maandishi SWISS MADE chini kabisa ya uso: kwenye 126610LN kuna kitaji kidogo, taji la nembo ya Rolex, katikati ya maneno hayo mawili, alama ya mashine mpya 3235. Kwenye 116610LN hakipo. Wenye viwanda vya kopi huchanganya, maana uso wanautoa kwenye boksi moja na mwili kwenye boksi jingine. Nimeshaletewa saa yenye kadi ya 116610 na kitaji kimekaa pale kinanitazama.

Zungusha pete ya juu. Inazunguka upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa saa, na mzunguko kamili ni mibofyo 120, kila mmoja safi, bila kuchezacheza ukiiachia. Namba za kwenye pete zimezama ndani ya kauri na kupakwa utando mwembamba wa platini, kwa hiyo rangi yake ni ya fedha iliyofifia kidogo, siyo nyeupe ya chokaa. Fungua kishikizo cha mkanda: ndani yake kuna reli ya kurefusha mkanda hatua kwa hatua, milimita 2 kila hatua, bila kifaa. Kwenye saa ya kweli unainua kwa kucha tu, inateleza, inakaa. Kwenye kopi nyingi inakwama au inalegea. Zima taa: alama zinang'aa bluu. Zikiwa za kijani kwenye modeli hii, uso huo si wake.

Halafu kipimo ninachokipenda. Fungua kifundo cha pembeni, kile cha kutilia ufunguo, kivute mpaka mwisho, uzungushe mishale mbele taratibu ipite saa sita usiku. Mashine ya 3135 inarusha tarehe kwa pigo moja, tap, imebadilika. Ikianza kujikokota kutoka saa nne na nusu usiku mpaka saa saba, umeshajua. Ukirudisha kifundo, kisikilize kwa vidole. Kinaposhika uzi hakikwaruzi, kinajipeleka chenyewe kama kifuniko cha chupa nzuri. Kwenye kichwa chake, chini ya taji, kuna nukta tatu.

Na kama nyuma ya saa kuna kioo cha kuonyesha mashine, usihangaike na hayo yote. Submariner haijawahi kuuzwa na kioo nyuma. Kifuniko chake ni chuma kitupu.

Ile tarehe ya kujikokota naijua kwa gharama yangu mwenyewe. Mwaka 2008 nilikuwa Deira, mwaka wangu wa tatu kwenye meza ya ufundi kwa tajiri mmoja. Jioni moja baada ya Isha jamaa wa jirani akaniletea Datejust ya chuma. Nikaitazama kwa lenzi nusu saa nzima. Maandishi ya uso safi, mishale safi, mkanda wa kweli kabisa na umechakaa vizuri, unajua ule uchakavu wa miaka ambao hauigiziki. Nikamwambia nifungue nyuma. Akasema, fundi, ukifungua utaharibu kinga ya maji, na mimi kesho naisafirisha kama hujainunua. Nikaona aibu kumkatalia, tulikuwa tunakunywa chai pamoja. Nikachanga na wenzangu wawili, tukatoa dirhamu 6,000, tukijua tutaiuza mara moja na nusu.

Usiku ule niliiweka juu ya mto. Saa nne na nusu nikaitupia jicho: tarehe imeshaanza kupanda, nusu ya namba ya leo, nusu ya kesho. Nikawasha taa, nikaifungua hapohapo kitandani. Mwili ulikuwa wa Rolex. Uso ulikuwa wa Rolex. Mashine ilikuwa ya Kichina ya bei ya sahani mbili za biriani. Uso wa kweli una vijimiguu viwili nyuma vya kushikia mashine yake. Vilikuwa vimekatwa, na uso umegandishwa kwa gundi. Ile gundi ya manjano naiona mpaka leo. Wenzangu niliwalipa kidogo kidogo miezi minne.

Saa za namna ile, za kuungaunga, ndizo hatari kuliko feki tupu, kwa sababu kila unachokiona kwa nje kinasema kweli. Na kisingizio cha yule jamaa nimekisikia tena mara nyingi kuliko salamu. Kufungua kifuniko hakuharibu kitu kama fundi ana kifaa chake. Kifuniko cha Rolex kina meno madogo kuzunguka ukingo, kinafunguliwa kwa kichwa maalumu kinachoyashika yote kwa pamoja. Mpira wa kuzuia maji unapakwa grisi au unabadilishwa, kifuniko kinarudishwa, saa inapimwa kwa mgandamizo. Dakika ishirini. Kama mwenye saa anaogopa dakika ishirini hizo, ana sababu.

Nikifungua natafuta nini? Kwanza mizani, gurudumu linalokwenda na kurudi, ndio moyo wa saa. Kwenye 3135 linakaa chini ya daraja lenye miguu miwili, limeshikwa pande zote kama daraja la mto. Mashine za kawaida zinazowekwa kwenye kopi zina daraja la mguu mmoja, linaning'inia upande. Pili, natafuta mkono mdogo wenye alama ya kujumlisha na kutoa, wa kuharakisha au kuchelewesha saa. Kwenye 3135 haupo. Rolex hurekebisha mwendo kwa kuzungusha nati ndogo za dhahabu zilizopangwa ndani ya ukingo wa gurudumu lenyewe. Ukiuona ule mkono, funga kifuniko, mpe mwenyewe saa yake. Tatu, magurudumu mawili mekundu ya kujitia ufunguo, yanachungulia chini ya rota, kile kipande kizito kinachozunguka mkono ukitikisika.

Sasa nikueleze ukweli usiopendwa. Kopi za miaka ya karibuni zimeiga hata hayo: daraja la miguu miwili lipo, magurudumu mekundu yapo. Fundi aliyezoea mashine za mtaani tu atafungua, ataona wekundu, atakwambia "hii orijino, nunua". Tofauti inabaki kwenye kazi ya mkono. Kingo za madaraja ya kweli zimekatwa na kusuguliwa, vichwa vya skrubu vimesuguliwa mpaka vinang'aa kama kioo, bila mikwaruzo ya bisibisi, maandishi yamechongwa ndani yakajazwa, hayakukaa juu kama muhuri. Kwenye kopi unakuta vumbi la chuma, mafuta yamemwagika kama ya cherehani, nati za dhahabu ni pambo. Ndiyo maana usimtafute fundi wa saa yeyote. Mtafute aliyeshika 3135 za kweli, mwulize amefungua ngapi, na mwambie akuonyeshe picha ya moja aweke pembeni ya hii. Mimi hufanya hivyo mpaka leo, na sioni haya.

Kopi ya daraja la juu ikiwekwa kwenye mashine ya kupimia mapigo inaweza kutoa mstari mzuri ulionyooka. Kwa hiyo usikubali mtu akutolee karatasi ya mapigo kama cheti. Mstari mbaya nao si hukumu: saa ya kweli ambayo haijasafishwa miaka kumi itayumba.

Bei. Submariner ya tarehe mpya dukani imevuka dola 10,000, na iliyotumika haishuki sana, kwa sababu dukani kuna foleni. Milioni 14 ni dola elfu tano na ushei. Mtu aliyetoka Dubai, mji wenye wanunuzi wa saa za mtumba kila mtaa wa Deira, wanaolipa taslimu siku hiyohiyo, kwa nini aipandishe ndege akaiuze Tabata kwa nusu? Labda kweli mgonjwa wake ameanguka baada ya yeye kufika. Yapo. Lakini bei ya nusu mara nyingi ina moja kati ya mawili: saa ni feki, au saa ni ya kweli na ina mwenyewe analia mahali. Kwa hilo la pili kifuniko hakikusaidii. Ipo orodha ya London inayoitwa Watch Register, na nyingine ya bure iitwayo Enquirus iliyoanzishwa na kampuni ya Richemont mwaka 2023, zote za saa zilizoibwa au kupotea. Ingiza ile namba. Saa ya wizi ikipelekwa kituo rasmi cha Rolex kufanyiwa huduma, namba yake huweza kuibuka, na wewe ndiye utakayekuwa umeishika.

Wanaoniandikia kuhusu saa nyingine, hayo ya Submariner msiyahamishe kama yalivyo. Cartier Tank nyingi za kweli ni za betri na hazina mshale wa sekunde kabisa, TAG Heuer za kweli za betri zimejaa, kwa hiyo "inaruka sekunde, basi feki" ni msemo wa vijiweni. Royal Oak ya Audemars Piguet ina skrubu nane juu ya pete, na mistari ya zote imepangika kufuata duara. Kwa kweli si skrubu, ni bolti za pembe sita zilizokaa kwenye mashimo ya pembe sita, zinakazwa kwa nyuma, haziwezi kugeuka. Ukiona mmoja umekaa upogo, au unageuka ukiutia bisibisi, hiyo si Royal Oak.

Kwa anayetaka kulala usingizi, njia ipo: tangu Desemba 2022 Rolex ina mpango wa saa zilizotumika zinazothibitishwa na kampuni yenyewe, zinauzwa kwa mawakala rasmi wanaoshiriki na kupewa dhamana mpya ya miaka 2. Utalipa zaidi ya anavyotaka rafiki wa kaka yako. Njia ya katikati ni muuzaji aifanyie huduma kituo rasmi kabla ya kuuza, maana huko saa ya bandia haihudumiwi, na ya kweli inarudi na karatasi yake.

Wewe fanya hivi. Mpigie leo, umwambie bei umeikubali, ila saa itafunguliwa na fundi utakayemchagua wewe, yeye akiwapo, na gharama utalipa wewe. Usimwambie una wasiwasi, mwambie ndugu zako waliochanga hela wanataka hivyo. Hela isiwe mfukoni siku hiyo, iwe benki, uihamishe wakati saa imeshafungwa kifuniko na iko mkononi mwako. Mwandikishane: jina lake, nakala ya kitambulisho, namba ya modeli, siriali, neno kwamba anauza Rolex halisi na ni mali yake. Kuuza bandia ni kosa kwa sheria zetu na Tume ya Ushindani hushughulikia malalamiko ya namna hiyo, ila utaenda kulalamika na nini kama ulitoa burungutu kwenye gari usiku? Akisema hana muda wa mafundi, au ana mnunuzi mwingine anakuja saa kumi, mtakie heri na mnunuzi wake.

Akikubali, nipo dukani Jumatano na Alhamisi mpaka magharibi. Kufungua, kupima na kufunga ni elfu thelathini, mpira mpya ukihitajika tutaongea. Njooni wote wawili, na yeye alete boksi pamoja na pingili za mkanda zilizotolewa, kama anazo. Ijumaa nafunga mapema, na Jumapili anayoisubiri yeye mimi sipo.